Bakuli Lililorudi na Maji

Mama alilishika bakuli la kachumbari kwa mikono miwili, akalitazama, akalirudisha mezani taratibu. "Baba," akaniita, maana nimebeba jina la baba yake na hajawahi kuniita vingine, "hii ni kachumbari au mchuzi?"

Nikachungulia. Nilikuwa nimeikata tangu saa kumi na mbili jioni, na sasa vipande vya nyanya na tango vilikuwa vinaelea kwenye maji ya rangi ya waridi, mbegu zimetapakaa juu, kitunguu kimelegea kama kamba iliyolala nje kwenye mvua. Kila mtu alichota vijiko viwili vya heshima. Bakuli likarudi jikoni karibu kama lilivyotoka.

Huo ndio mwaka Mama aliotoka Magu kuja kukaa kwetu Nyegezi, hapa Mwanza mjini, awe karibu na kliniki ya presha. Maelekezo aliyopewa yalikuwa mafupi: dawa kila siku, chumvi ipungue, mboga na matunda viongezeke. Mke wangu anafunga duka saa mbili usiku. Mimi ni fundi friji, na siku nyingi saa kumi na moja nimeshafika nyumbani na begi langu la spana. Kwa hiyo kachumbari ikawa yangu. Wiki tatu mfululizo nilikata nyanya, kitunguu, tango na karoti. Siku nikijisikia mbunifu natoa karoti naweka hoho. Nilidhani nabadilisha.

Sasa, kazi ya fundi friji ukiitazama vizuri ni kufukuza maji yaliyokaa pasipotakiwa. Mteja anapiga simu kwamba friji inamwaga maji, ameshaamua mwenyewe kuwa gesi imeisha. Ukifika unakuta kale katundu ka nyuma kanakopitisha maji ya barafu iliyoyeyuka kameziba kwa uchafu. Unazibua, unafuta, unalipwa, unaondoka. Usiku ule nilijicheka. Nazunguka mji mzima nikikausha friji za watu, na mezani kwangu kuna bwawa.

Ukiuliza watu kachumbari yao imechosha kwa nini, watakwambia imekosa vitu. Wataongeza parachichi, wataongeza mahindi ya kopo, wataongeza chupa ya sosi iliyoletwa kwa meli. Mimi nasema tatizo la kwanza ni maji. Katika gramu 100 za nyanya au tango, takriban 95 ni maji. Ukikata umeyafungulia mlango, na ukinyunyiza chumvi umeyaita yatoke. Mimi nilikuwa nakata saa kumi na mbili, natia chumvi palepale, kisha nafunika bakuli kungoja wenye nyumba watimie. Kufika saa mbili na nusu, ladha yote iko kwenye maji, na vijiko vinaokota mabaki.

Kwa hiyo kabla ya kununua kitu chochote kipya, nilibadilisha mpangilio. Tango nalikata, nalinyunyizia chumvi kiduchu, naliacha kwenye chujio robo saa. Kisha nalisuuza chapuchapu kwa maji safi ya kunywa na kulikamua ndani ya kitambaa. Jaribu mara moja tu uone. Tango lililokamuliwa lina meno, ukilitafuna linajibu. Na kwa kuwa limesuuzwa, chumvi nyingi inaondoka nayo, ingawa si yote, na mwenye presha nyumbani lazima alijue hilo.

Nyanya ina habari nyingine. Nilikuwa nazikata nne nne, nakwangua ule ute wenye mbegu, natupa. Siku moja niliulamba kidoleni kabla ya kuutupa, nikasimama pale pale karibu na ndoo. Ule ute ndio nyanya yenyewe! Una uchachu, una utamu, una ile ladha nzito inayofanya mchuzi uitwe mchuzi. Nyama ya pembeni ukiila peke yake imepooza. Tangu siku hiyo siutupi. Naukwangulia kwenye kopo la zamani la siagi ya karanga, nakamulia ndimu, natia mafuta ya alizeti kijiko cha chai kwa kila mtu, pilipili mbuzi kipande, giligilani iliyokatwa. Nafunga kifuniko natikisa mpaka mkono uchoke. Hiyo ndiyo sosi. Haimwagwi kwenye bakuli jikoni. Inakuja mezani ndani ya kopo lake na inamwagwa watu wakiwa wameshanawa mikono.

Mafuta yale kidogo yana kazi yake. Ile rangi ya karoti na nyanya, ambayo mwili unaitumia, haifyonzwi vizuri tumboni bila mafuta. Ukila karoti mbichi kavukavu, sehemu kubwa ya faida yake inakupitia tu. Kijiko kimoja cha chai kwa mtu kinatosha, wala si lazima yawe ya zeituni ya bei mbaya. Alizeti ya Singida inafanya kazi.

Na chumvi? Inakuja mwisho kabisa, inanyunyizwa juu, haichanganywi. Ulimi unaikuta mwanzoni kabla ya kitu kingine, kwa hiyo nusu ya ile ya zamani inatosha. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo ni ya chakula chote kuanzia mkate wa asubuhi. Nilipopima ile niliyokuwa natia kwenye kachumbari peke yake nilinyamaza, sikumwambia mtu.

Vitunguu nitavipita haraka. Wengi tunavifikicha kwa chumvi na kusuuza ili ukali utoke, na ni sahihi. Lakini ukivipenda vyekundu, vile vya Singida au Mang'ola, kata vyembamba, suuza mara moja kwa maji baridi, halafu vilaze kwenye ndimu dakika 20. Vinageuka rangi ya waridi inayong'aa, na vinakuwa na uchachu ambao mtoto wangu mdogo anaula kama pipi.

Hapo nikiwa nimeshamaliza vita ya maji, ndipo nikaanza kuongeza vitu. Na nilianza vibaya.

Unaishi Mwanza, kitu cha kwanza kukujia kichwani ni dagaa. Nikashuka Mwaloni, Kirumba, asubuhi mapema. Wasiopafahamu, pale magunia ya dagaa yamepangwa kama ukuta, na malori yanapakia kwenda mpaka Congo. Nikanunua sado moja ya dagaa wenye bei nzuri. Mama muuzaji akaniuliza, "Unapeleka kwa kuku au kwa watu?" Nikadhani ananitania. Jioni nikawakaanga kavu, nikawamwaga juu ya kachumbari. Na kwa bahati yangu, jioni ile jumuiya ilikuwa inasali kwetu.

Ule mlio wa mchanga kwenye jino la mzee wa watu sitausahau. Krrk. Sebule nzima ikaacha kutafuna. Yeye, kwa ustaarabu wake, alimeza na kunywa maji. Mama akaangalia dirishani.

Kosa langu lote. Kuna dagaa wanaoanikwa mchangani ufukweni, na kuna wanaoanikwa juu ya vichanja vya nyavu. Wa kichanja ni ghali zaidi, na bei yenyewe ndiyo inakueleza sababu. Hata hao wanaoshwa. Mama ndiye aliyenionyesha, siku ya pili yake, bila kunisema. Ng'oa vichwa, mwaga dagaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, vuruga kwa mkono, kisha tulia, mchanga ushuke chini. Halafu, na hapa ndipo wengi tunapokosea, usimwage maji pamoja na dagaa kwenye chujio, maana unaurudisha mchanga ulewule juu yao. Waopoe kwa vidole kutoka juu, maji yabaki na uchafu wake. Rudia mpaka upitishe kidole chini ya beseni usikute punje. Kwetu ni mara nne.

Kisha wakauke. Nawatandaza kwenye ungo juani, hata saa nzima. Baadaye kikaango kikavu, moto mdogo, unageuzageuza mpaka ukimbana mmoja kwa kidole anavunjika kwa mlio. Wakipoa, ndani ya kopo lenye kifuniko. Wanakaa siku kadhaa wakilia vilevile. Kiganja kimoja juu ya bakuli, dakika ya mwisho, na ladha ya chumvi unayoitamani inakuja bila chumvi. Isitoshe dagaa analiwa na mifupa yake, na kokoto hizo ndogo za mifupa ndizo zenye kalisi. Mwezi ukiwa mkubwa bei inapanda, kwa sababu wavuvi wa dagaa wanategemea giza na taa kuwavuta juu; usiku wa mbalamwezi mitumbwi mingi inapumzika. Mimi sasa natazama angani kabla sijatazama mfuko.

Kitu cha pili ni choroko. Usukumani choroko na dengu ni vitu vya shamba letu, lakini tumezoea kuvichemsha mpaka viwe uji. Nilikuwa nimesikia kwamba choroko ikichipuzwa inakuwa mboga nyingine kabisa. Nikaloweka kikombe kimoja usiku kucha, asubuhi nikamwaga maji, nikazifunga ndani ya kitambaa chenye unyevu, nikaziweka kabatini. Kila asubuhi na jioni nazisuuza. Kwa joto la Mwanza hazihitaji kubembelezwa: siku ya pili vimkia vyeupe vimeshatokeza urefu wa kucha.

Mama akalifungua lile kabati kutafuta sukari. Akakifunua kitambaa, akanusa, akakaa kimya. Jioni nilipoingia akaniita pembeni. "Baba, umeanza kupika pombe humu ndani?"

Ana haki. Kwake, nafaka iliyofungwa kwenye kitambaa mpaka ichipue ni kimea, na kimea kina kazi mbili, togwa au pombe. Nilimweleza. Hakuamini mpaka alipoziona kwenye bakuli. Sizili mbichi kabisa. Joto na unyevu vinavyoipenda mbegu vinapendwa na bakteria pia, kwa hiyo nazitumbukiza kwenye maji yanayochemka dakika mbili tatu, nazichuja, zinapoa. Bado zinabaki na mlio. Dengu sizichipuzi, nazichemsha tu na kuziepua kabla hazijapasuka, zikiwa zimeiva lakini bado nzima. Bakuli lenye dengu halirudi jikoni, kwa sababu limekuwa chakula. Siku hizo ugali unapungua wenyewe, hakuna anayehubiriwa.

Ukitaka kutumia maharage mekundu badala yake, sawa, ila yachemke barabara mpaka yaive. Haragwe bichi lina sumu yake, na kuliloweka peke yake hakutoshi.

Karanga nazo nazichagua moja moja kabla ya kukaanga. Iliyosinyaa, yenye ukungu, yenye rangi isiyoeleweka, inatupwa. Sumukuvu haiondoki kwa moto wa kikaango, usidanganyike. Nzuri nazitwanga kidogo kwenye kinu, ziwe vipande, zisiwe unga. Karanga za vipande na kabichi iliyokatwa nyembamba kama nyuzi: hapo nimemaliza hoja yangu dhidi ya ile kabichi ya sherehe inayozama kwenye mayonezi tangu saa sita mchana. (Nisameheni wapishi wa sherehe, najua mnapikia watu mia nne.)

Lakini kabichi inataka kitu cheupe kinachoteleza, nakubali. Mimi natumia maziwa mgando. Natandika kitambaa safi juu ya chujio, namwaga mgando, naacha ndani ya friji usiku kucha, na maji yake yanachuruzika chini. Asubuhi nakuta kitu kizito kinachosimama kwenye kijiko. Kitunguu saumu punje moja, ndimu, pilipili manga. Unaona tena? Ni kuondoa maji tu. Yale maji ya mgando Mama anayanywa, nami sibishani naye.

Kituko changu ninachokipenda kuliko vyote ni matobolwa. Msomaji wa Dar atauliza ni nini. Ni viazi vitamu vilivyochemshwa kwanza, vikakatwa na kuanikwa mpaka vikawa vigumu. Vikikaushwa vikiwa vibichi vinaitwa michembe. Ni akiba ya kiangazi, watoto wanatafuna wakichunga ng'ombe. Kwenye saladi za mahotelini niliwahi kuona zabibu kavu ndani ya kabichi na karoti. Nikajiuliza, zabibu za nini wakati tuna tobolwa? Michembe nilijaribu kwanza, na nilijuta: ni kama kutafuna kisigino cha kandambili, na kibichi hakiliwi. Matobolwa nikayakata vipande vidogo vya ukubwa wa punje ya mahindi, nikayaloweka kwenye maji ya chungwa na ndimu kwa saa moja. Yakalainika nje, yakabaki na utafuno ndani, na ule utamu wake wa moshimoshi ukakaa vizuri kabisa karibu na karoti iliyokunwa na karanga. Watoto wanayavua kwenye bakuli kabla hatujasali.

Mama alisema ni kufuru. Matobolwa ni ya kula na karanga na chai, au na maziwa. Nikamwonyesha kwamba karanga zimo. Akala. Akaongeza. Hakusema neno, na kwa Mama kimya cha namna hiyo ni cheti.

Msimu wa maembe, mwishoni mwa mwaka, ndimu ninaiweka kando. Embe bichi linakunwa kama karoti, linakuwa uchachu na mlio kwa wakati mmoja. Msimu ukipita narudi kwenye ndimu. Parachichi naliweka likiwepo, silitafuti.

Majani ya saladi, yale ya kijani tunayoyaita saladi kana kwamba saladi ni mmea huo tu, sina mengi ya kuyasema. Yananyauka kabla hujavuka Igoma. Ukiyapata, yaoshe, yakaushe kabisa kwa kitambaa, ndipo uyachane kwa mkono. Sosi haikai kwenye jani lenye maji, inateleza yote chini.

Kuhusu kuosha siwezi kunyamaza. Ziwa tunalo mlangoni, na nimeona mboga zikisuuzwa ziwani hatua chache kutoka mahali watu wanapofua. Kanda hii imeshapata kipindupindu zaidi ya mara moja. Kitu kinacholiwa kibichi kinaoshwa kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa, ubao wa nyama haukati nyanya, mwisho. Na kachumbari iliyokaa nje zaidi ya saa mbili kwenye joto letu isiwekwe akiba ya kesho.

Nikiwa kwenye mambo ya friji: tafadhali, toeni nyanya humo. Kila wiki nafungua friji ya mteja nakuta nyanya zimepangwa kwenye droo ya chini, zimepoa, zinang'aa, na hazina ladha. Baridi ya siku nyingi inaipunguza harufu ya nyanya, na hairudi yote. Iliyoiva inakaa vizuri mezani siku mbili tatu, kivulini. Niliwahi kumwambia mama mmoja hivyo nikiwa nafunga begi langu. Akanijibu, "Fundi, wewe tengeneza friji." Nikatengeneza friji.

Presha ya Mama siwezi kusema imeshushwa na kachumbari. Anameza vidonge vyake kila asubuhi na anakwenda kliniki tarehe zake. Ninachokijua ni kwamba anapita jikoni jioni kuuliza leo kuna nini, jambo ambalo wakati wa lile bwawa hakulifanya.

Mvua zilipokaribia alitaka kurudi Magu kuangalia shamba. Nilimsindikiza stendi. Kwenye mfuko wake kulikuwa na dawa za miezi miwili, kopo la dagaa waliokaangwa, choroko kilo mbili, na kitambaa changu cha kuchujia ambacho sikumpa.

Wiki iliyofuata akapiga simu. Salamu, habari za watoto, habari za mvua. Kisha sauti ikashuka.

"Baba, mwenyekiti wa kitongoji alipita hapa jana. Anauliza hiyo pombe itaiva lini."